Saladi ya maharage mabichi: kwa nini siki haiingii ndani

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama lishe hapa Tanga, nauza chakula cha mchana kwa wafanyakazi wa ofisini. Baadhi ya wateja wameanza kuniomba chakula chepesi kisicho na nazi, nikaona niwatengenezee saladi ya maharage. Nilinunua maharage mabichi ya Lushoto, nikayachemsha na ndimu kidogo ili rangi isipotee. Yalipoiva nikayaosha kwa maji baridi, nikayachuja, kisha nikatia siki, mafuta, chumvi, vitunguu na nyanya. Maganda yamekuwa magumu, ndani hayana ladha yoyote, na mchuzi wote umekaa chini ya bakuli. Kufika saa nane mchana nyanya zilikuwa zinaelea kwenye maji. Naomba unieleze nilikosea wapi, vipimo vya siki na mafuta ni vipi, na kama ninaweza kuiandaa usiku nikaiuza kesho yake.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Umenieleza hatua kwa hatua, kwa hiyo naweza kukujibu bila kubahatisha. Maharage yako yalikuwa mazuri na siki yako haina kosa. Kilichoharibika ni mpangilio: ndimu iliingia mapema mno, na siki ikaingia kwa kuchelewa. Saladi ya maharage hutengenezwa katika dakika kama kumi na tano hivi, tangu unapoepua sufuria hadi maharage yanapobaki vuguvugu. Ukizitumia vizuri dakika hizo, hata siki ya bei nafuu na mafuta ya alizeti ya kawaida yatakupa chakula ambacho mteja atakirudia. Zikikupita, hata mafuta ya zeituni ya bei mbaya hayatakusaidia.

Nianze na ndimu. Seli za harage zimeshikanishwa na pektini, ambayo kazi yake ni kama ya gundi. Maji yanayochemka huiyeyusha taratibu, seli zikaachana, punje ikawa laini mdomoni. Tindikali huizuia isiyeyuke. Ukitia ndimu, siki, nyanya au ukwaju wakati punje bado ngumu, utachochea moto saa nzima na ganda litabaki linakwaruza ulimi. Wewe mwenyewe bila shaka unaijua kanuni hii kwa maharage ya kuunga: unayachemsha kwanza yakaiva, ndipo unapounga kwa kitunguu na nyanya. Kwenye saladi ni hivyohivyo. Na kuhusu rangi, ile michirizi ya waridi inayopendeza kwenye maharage mabichi itafifia tu, kwa sababu rangi yake huyeyuka kwenye maji. Usiigombanie. Rangi ya saladi itafute kwenye hoho, kitunguu chekundu na majani ya giligilani.

Maji nayo yana neno. Visima vingi vya pwani vinatoa maji yenye chokaa, maana ardhi yenyewe ni ya mawe ya matumbawe, na chokaa nayo hukaza ganda la harage. Ukiona birika lako limefanya ukoko mweupe kwa ndani, tumia maji ya bomba au ya mvua kwa kazi hii. Chumvi, kwa upande wake, imesingiziwa kwa muda mrefu. Wapishi wengi tumefundishwa kwamba hukaza maharage, kwa hiyo itiwe mwishoni. Mambo ni kinyume: sodiamu ya kwenye chumvi huchukua nafasi ya kalsiamu na magnesiamu zilizomo kwenye ganda, na ganda hulainika bila kupasukapasuka. Tia chumvi mwanzoni, kijiko kimoja cha chai kilichojaa kwa kila lita ya maji. Harage lililoiva pasipo chumvi haliwezi kusahihishwa mezani. Utaisikia chumvi juu ya ulimi, halafu ukitafuna unakutana na unga usio na ladha. Hilo ndilo wateja wako walilolikuta.

Magadi usiyatie kabisa kwenye maharage mabichi. Ni kweli yanaharakisha kuiva, kwa kuwa yanaiyeyusha pektini haraka, lakini kwa harage ambalo halijakauka kazi hiyo inazidi: ganda linateleza, ladha inakaribia ya sabuni, na vitamini B1 inaharibika. Yaache kwa ajili ya maharage makavu ya zamani yaliyogoma, na hata hapo iwe kiasi kidogo sana.

Sasa jambo la usalama, ambalo naomba ulishike kwa sababu unalisha watu. Tukisema maharage mabichi tunamaanisha yaliyokomaa lakini hayajakauka. Hayaliwi bila kupikwa, wala hayaliwi yakiwa nusu. Harage lina lektini, sumu ya asili ambayo ni nyingi zaidi kwenye maharage mekundu. Punje nne au tano tu zisizopikwa zinaweza kumfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa moja hadi tatu. Joto la kuchemka linaivunja. Kinachotakiwa ni maji yatokote kwa nguvu, si kufukuta, kwa dakika 10 kwa uchache, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inashauri dakika 30. Moto wa chini usiofikia kuchemka ni hatari, kwa sababu unaweza kuongeza ukali wa sumu hiyo badala ya kuupunguza. Kwa hiyo ukiwa na jiko la umeme la kupika polepole, au kile kikapu cha kuivishia chakula bila moto, lazima maharage yachemke sawasawa jikoni kwanza ndipo uyahamishie humo. Nalisema hili kwa mkazo kwa kuwa nimeona watu wanaotaka saladi yenye punje ngumungumu zinazovunjika kwa meno. Hizo waziache kwa karoti.

Tukirudi sokoni, maharage ya kumenya yanunue yakiwa kwenye maganda yake kila unapoweza. Tafuta ganda lililoanza kugeuka njano au kupata michirizi, limelegea kidogo kama ngozi, na ukilibonyeza unazisikia punje zimejaa. Ganda la kijani kibichi lina punje changa zitakazosambaratika kwenye sufuria, na lile linalolia ukilitikisa limeshakauka na linahitaji muda mwingine wa kupika. Kilo moja ya maganda itakupa karibu nusu kilo ya punje. Yaliyokwisha kumenywa na kufungwa kwenye mifuko ya plastiki yana shida yake: yanatoka jasho, yanapata utelezi na harufu ya kuchachuka kabla siku haijaisha. Kama huna njia nyingine, tia mkono ndani ya mfuko. Punje ziwe kavu na ubaridi, zisiwe za vuguvugu.

Wewe wa Tanga una bahati ya kuwa karibu na Usambara, maana mboga za Lushoto zinakufikia zikiwa bado na umande. Aina yenye michirizi myekundu na punje kubwa, kama ile ya Lyamungu 90 iliyotoka kwenye kituo cha utafiti cha Lyamungu mkoani Kilimanjaro mwaka 1990, inafaa sana kwa saladi kwa sababu ndani inakuwa laini kama siagi huku ganda likishikilia umbo. Ya njano nayo ni matamu, ila yanavurugika upesi, kwa hiyo yanahitaji jicho. Msimu ukipita, usilazimishe. Tumia mbaazi mbichi au kunde mbichi, ambazo kwa pwani ni chakula cha asili zaidi. Harage lenyewe ni la bara la Amerika na lilifika huku kwetu baada ya Wareno kuingia pwani, ilhali kunde ni ya Afrika tangu mwanzo. Mbaazi mbichi iliyochemshwa vizuri na kutiwa siki ikiwa ya moto ni saladi nzuri kupita kiasi, na ninashangaa kuwa haiuzwi kila kona kutoka Tanga hadi Lindi.

Upishi wenyewe ni huu. Chukua nusu kilo ya punje zilizomenywa, zioshe, uondoe zilizotobolewa. Chemsha lita moja na nusu ya maji yenye chumvi ya kutosha kama nilivyosema, na ukipenda tia jani moja la mkarafuu au punje mbili za kitunguu saumu ambazo hazijamenywa. Maji yakitokota, mimina maharage. Acha yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo huku ukiengua povu, kisha punguza moto kiasi kwamba maji yanaendelea kuchemka taratibu bila kuzirusha punje. Fujo ya maji ndiyo inayopasua maganda. Baada ya dakika 25 hivi anza kuonja. Usionje moja, chukua punje tano kutoka pande mbalimbali za sufuria, zikiwemo kubwa kabisa. Zote tano ziwe laini hadi katikati, bila chembe ya unga mkavu. Kwa kawaida itachukua kati ya dakika 30 na 45 hapo Tanga. Anayepika Lushoto au Arusha, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, ajue maji yake yanachemkia kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo aongeze muda.

Yakiiva, zima moto na uyaache ndani ya maji yake dakika tano hadi kumi. Punje zinatulia na zinaendelea kunywa chumvi. Chota kikombe kimoja cha yale maji uweke kando, kisha chuja. Na hapa ndipo kosa lako la pili lilipotokea: usiyaoshe. Maji baridi yaliyapoza kwa ghafla, yakaacha unyevu ambao ulizuia mchuzi usishike. Yakung'ute tu kwenye chujio mpaka mvuke ukaushe maganda, dakika mbili zinatosha, na uyamwage kwenye bakuli pana yakiwa bado yanatoa moshi.

Mara hiyohiyo, kabla ya mafuta, nyunyizia siki vijiko viwili vya chakula ambayo umeshayeyushia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Geuza taratibu kwa mwiko wa mbao au kwa kutikisa bakuli. Punje iliyo moto imejaa mvuke, na inapopoa inavuta ndani majimaji yaliyo karibu nayo. Yaliyo karibu yakiwa siki na chumvi, hivyo ndivyo vitakavyoingia. Ukitanguliza mafuta, yanalifunika ganda na siki inateleza nje, ikaenda kukaa chini ya bakuli. Subiri dakika kumi. Utaona bakuli limekauka na siki haionekani tena. Sasa mafuta.

Wafaransa, ambao mchuzi huu wa siki na mafuta wanauita vinegreti, huhesabu vipimo vitatu vya mafuta kwa kimoja cha siki. Hesabu hiyo imepangwa kwa majani ya saladi, ambayo ni mepesi na yanaungua kwa tindikali. Harage lina wanga mwingi na linameza ukali. Kwa hilo mimi nashika mbili kwa moja: vipimo viwili vya mafuta kwa kimoja cha tindikali, siki na ndimu zikihesabiwa pamoja. Kwa nusu kilo yako ya punje, siki vijiko viwili ulishaitia. Inabaki mafuta vijiko sita vya chakula, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chakula, haradali kijiko kimoja cha chai, na sukari ya kubana kwa vidole viwili kama siki yako ni kali. Hicho ni chakula cha watu wanne au watano wanaokula na kitu kingine pembeni. Kwa biashara, kilo 3 za maharage zinahitaji siki mililita 180, mafuta mililita 540 na maji ya ndimu mililita 90, lakini anza na robo pungufu ya ndimu na umalizie kwa kuonja, maana ndimu hazifanani.

Kwa nini siki na ndimu zisitiwe pamoja? Siki ukiitia kwenye moto inapoteza ule mvuke unaochoma pua na inabaki na ukali mtulivu. Ndimu ukiitia kwenye moto inapoteza harufu yake, ambayo ndiyo tunayoilipia. Kwa hiyo siki iingie maharage yakiwa ya moto, ndimu iingie yakiwa yamepoa. Ukishika hilo tu, saladi yako itabadilika. Na kuna faida nyingine ya ndimu ambayo wateja wako hawaioni: vitamini C yake inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai ya rangi inayonywewa hapohapo juu ya chakula hufanya kinyume, kwa hiyo ukiweza wauzie maji ya matunda kwenye mlo huo na chai iwe baadaye.

Soma kibandiko cha siki. Siki nyeupe ya dukani mara nyingi ina tindikali ya asilimia 4 au 5, na nyingi ni tindikali ya asetiki iliyozimuliwa kwa maji. Inafaa, ila ina ukali mkavu, ndiyo maana nimesema sukari kidogo. Siki ya tufaha ni laini zaidi, na bei yake iko juu. Kwa chakula cha kibandani sioni sababu.

Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa hayana harufu, na kwa saladi hii ndiyo ninayoyapendelea, kwa sababu yanaliacha harage liseme. Yale ya kukamuliwa tu, ya Singida au Dodoma, yana harufu nzito ya mbegu. Wapo wanaoipenda, lakini yachanganye nusu kwa nusu na yaliyosafishwa. Kijiko kimoja cha mafuta ya ufuta juu ya vijiko vitano vya alizeti kinatoa harufu tamu sana, na ufuta tunao wa Lindi na Mtwara. Mafuta ya nazi hapana. Yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo saladi ikiingia kwenye friji yanafanya vipande vyeupe vya nta. Ya zeituni yanaweza kufanya ukungu kwenye baridi, ila yanarudi yakipata joto.

Namna ya kuyachanganya: chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo lazima itangulie kwenye siki au ndimu. Tia ndimu na haradali kwenye chupa yenye mfuniko, koroga, ongeza mafuta, funga na utikise kwa nguvu hadi mchuzi uwe mzito na rangi ipauke. Haradali ndiyo inayoshikanisha mafuta na maji yasitengane upesi. Kama huna, ponda punje kumi za maharage uliyopika, uzitie kwenye chupa pamoja na vijiko viwili vya yale maji ya kuchemshia uliyoweka kando. Wanga wake unafanya kazi ileile, na saladi inapata ladha ya harage mpaka kwenye mchuzi. Mimi mwenyewe nafanya hivi hata nikiwa na haradali.

Kitunguu maji kikate chembamba kabisa, ukikamue kwa chumvi kama unavyofanya kwa kachumbari, ukioshe, kisha kilale kwenye kijiko kimoja cha siki wakati maharage yanachemka. Kwa njia hiyo hakichomi na hakitoi maji baadaye, kwa sababu maji yake yameshatoka. Kitunguu saumu kiwe kipunje kimoja tu kilichotwangwa na chumvi. Usikiloweke kwenye mafuta ukaiweka chupa hiyo mezani siku kadhaa. Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta, kwenye joto la kawaida, kinaweza kuotesha vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu kali ya chakula, ambavyo havionekani wala havinuki. Tengeneza cha siku hiyo.

Nyanya ndiyo iliyokumwagia maji. Chumvi huvuta maji ya nyanya na tango, na hakuna ujanja wa kuizuia isipokuwa kuchelewesha. Ondoa mbegu na ute wake, katakata nyama peke yake, uiweke kwenye bakuli jingine na kuichanganya mteja anapoagiza. Hoho haina taabu hiyo, ikatie mapema. Giligilani ikatwe na kutiwa mwisho, mabua membamba yakiwemo, maana ndiyo yenye harufu kuliko majani. Pilipili mbichi weka pembeni ili kila mtu ajipimie. Parachichi, kama unaliweka, likatwe mteja akiwa amesimama mbele yako.

Ukitaka kuongeza maharage ya maganda machanga, yale ambayo Kenya wanaita mishiri, yachemshe peke yake kwenye maji mengi yenye chumvi kwa dakika nne au tano, yawe yameiva na bado yanavunjika kwa mlio. Hayo ndiyo ya kutumbukiza kwenye maji ya barafu, tofauti na ya kumenya, kwa sababu tunataka kusimamisha upishi na kutunza ukijani. Yafute maji. Na usiyatie siki mapema: ukijani wake huharibiwa na tindikali na ndani ya nusu saa yanageuka rangi ya majani makavu. Yaingie wakati wa kupakua, pamoja na nyanya.

Siku ambazo maharage mabichi hayapo, makavu yanafaa. Gramu 250 za makavu zitakupa karibu kiasi kilekile cha kuiva. Yaloweke usiku kucha kwenye maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja na nusu, asubuhi mwaga maji hayo na upike kwa maji mapya. Kuyamwaga kunapunguza zile sukari zinazojaza tumbo gesi. Nunua ya mavuno ya karibuni. Harage lililokaa miezi mingi ghalani kwenye joto na unyevunyevu wa pwani hupata ugumu ambao hata kuloweka hakuutoi.

Sasa suala la kuiandaa usiku. Inawezekana, na kwa kweli saladi hii huwa tamu zaidi baada ya saa kadhaa, ila kwa sharti kwamba una friji inayofanya kazi. Usiku pika, tia siki na chumvi yakiwa ya moto, tia mafuta, yatandaze kwenye sinia pana ili yapoe haraka, na yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu kuepuliwa. Usiyafunike yakiwa ya moto, wala usiyaweke kwenye ndoo ya kina kirefu, maana katikati yatabaki vuguvugu mpaka alfajiri, na vuguvugu ndilo joto ambalo vijidudu hustawi. Siki uliyoitia haitoshi kuyahifadhi. Imetoa ladha tu. Ndani ya punje tindikali ni ndogo mno kuzuia kuharibika.

Asubuhi utakuta yamekuwa magumu kidogo na ladha imezama. Usishtuke, wanga hukaza kwenye baridi, na ulimi nao hauonji vizuri kitu cha baridi kali. Yatoe nusu saa kabla ya kuuza, tia ile ndimu, vitunguu, hoho na giligilani, onja, na karibu kila mara utaona panahitajika chumvi ya kubana na vijiko viwili vya mafuta. Ukiwa kibandani, bakuli likae kwenye deli lenye barafu na utoe kidogokidogo. Joto la kawaida huruhusu saa mbili nje, na likizidi nyuzi 32, kama inavyokuwa Tanga miezi ya kiangazi, saa moja.

Kama huna friji, usipike usiku. Amka mapema, yawe yameepuliwa saa tatu asubuhi, yatiwe siki, yapoe kwenye sinia, na saa tano yawe kwenye barafu. Pima kiasi unachojua kitaisha. Kilichobaki jioni kiliwe nyumbani siku hiyohiyo kama kilikuwa kwenye ubaridi muda wote. Kama hakikuwa, kimwage. Na chochote kile, usichanganye ya jana na ya leo ndani ya bakuli moja, hata kama ya jana inanukia vizuri.